Mugomba Yenye Nilikukataza Kuzika

Kavira,

Usifikiri nimeshika kalamu juu ya kukubariki. Nina hasira. Nina hasira tangu asubuhi, na kama ningekuambia kwa mudomo, avenue yote ingesikia, juu hii mashine ya kusaga fufu imenizoeza kusema sawa mutu mwenye kuita mwenzake ng'ambo ya muto. Donc nimezima mashine, nimefunga mulango. Bamama banagonga na mihogo yao, banasema Mama Kavira amekuwa je leo. Bagonge. Wewe umeenda sokoni na mutoto yako Neema kumutafutia viatu ya safari, na mbele murudi nataka nikuwe nimemaliza kuandika.

Asubuhi uliingia hapa, mufuko yako imekwisha kufungwa, ukasimama sawa mwanafunzi mbele ya directeur. Ukaniuliza: "Mama, unaniruhusu niende? Ukikataa, siendi. Nitarudisha bintu ndani."

Aka! Mwanamuke wa miaka thelathini na mbili, mama ya mutoto, anaomba ruhusa sawa ya kwenda kucheza kamba. Nilikupita bila kukujibu. Ulifikiri nimekasirika juu unaenda. Wapi! Nilikasirika juu uliuliza. Na kisha nikakasirika kupita pale, juu najua ni nani alikufundisha kuuliza.

Sitakuandikia mambo ya kuchemsha maji na kufunga mulango na kufuli mbili. Utafungua malewa yako, kibanda yako ya chakula, kule Beni, karibu na madepo ya kakao, utapikia babeba-mizigo bugali na sombe ya majani ya mihogo, na unapika muzuri kunipita mimi, hiyo najua na inaniuma kidogo. Batu banauliza ni nani anatoka Butembo kwenda Beni na hizi vita. Baulize. Na hapa, ni usingizi gani tunalala?

Niko na maneno mbili. Moja uliiona na macho yako, mais haukujua juu ya nini nilifanya vile. Ingine haujui kabisa.

Unakumbuka ile siku bakwe yako balikuja. Ilikuwa miaka mbili tangu bwana yako Kasereka akamatwe na batu ya bunduki kwa shamba ya kakao, kule mbele ya Eringeti, siku ya mavuno. Balienda batu bane. Batatu tuliwapata, tukabazika. Yeye, ata kiatu hatukuona. Kwa hiyo miaka mbili haukukuwa mujane, haukukuwa bibi, ulikuwa tu unaamka na kulala. Hakuna matanga bila maiti, njo batu balikuwa banasema, na bila matanga hakuna mutu wa kukuambia basi, imetosha.

Alafu Muzee Katembo, baba ya Kasereka, akatoka Vuhovi na bandugu yake babili. Walikaa hapa ndani, pale pembeni ya magunia. Muzee hakukuwa na haraka. Aliuliza habari ya mashine, ya mvua, ya kikohozi yangu. Kisha akasema: "Mama Kavira, mutoto wetu hatukumuona. Kwetu sisi, mutu mwenye hakuonekana, tunakata mugomba. Tunaivalisha nguo yake, tunaifunga ndani ya kirago, tunaizika sawa mutu. Tunalala matanga, kisha tunaitosha, imekwisha. Huyu binti ananyoa nywele, anapumua. Hapana kusema Kasereka amekufa. Ni kusema huyu mwenye alibaki eko muzima."

Batu benye balimuzaa njo balisema vile! Banamuke bengine banapigana na bakwe mpaka kwa bureau ya chef juu ya kuachiliwa, wewe bakwe yako balikuletea bo benyewe, mpaka kwa mulango, na sauti ya upole.

Na mimi? Nilisimama. Nikasema na ile sauti yangu ya mashine: "Mwanangu hatazika muti! Sisi kwetu tunangojaka. Mimi niko nangoja bwana yangu miaka kumi na tisa, nani aliniona nikizika mugomba?"

Muzee Katembo akaangalia chini. Bandugu yake bakaangalia mulango. Mutu mwenye amengoja miaka kumi na tisa hapana wa kubishana naye. Muzee akachukua kofia yake, akasema sawa mama, bakaenda. Mais mimi niliona kwa mapaja yako. Ulikuwa umeweka pale shati ya Kasereka, ile ya mistari ya bleu. Ulikuwa umeifua, umeipiga pasi, umeikunja. Ulikuwa tayari. Niliona ile shati mbele nifungue mudomo, Kavira, na nikaufungua vile vile.

Batu balisema nilifanya juu ya imani. Kanisani bamama balinishika mukono: Masika, wewe ni mwanamuke, umemulinda mutoto yako. Uongo mutupu. Nilifanya juu ya wivu. Soma tena kama haukusoma muzuri. Nilikuonea wivu, mutoto wa tumbo yangu. Nilifikiri: kama huyu anazika kisha ya miaka mbili tu, ananyoa, anacheka tena, anavaa kitambaa ya rangi, sasa miaka yangu mimi ilikuwa ya nini? Nani atanirudishia? Bora tukae babili ndani ya ile shimo, angalau nitapata wa kuzungumuza naye.

Njo ile. Hakuna imani pale.

Sasa ile ingine. Kama unasoma umesimama, kaa.

Papa yako eko muzima. Eko Mambasa. Anauza mapneu ya moto, mipira ya pikipiki. Eko na bibi na batoto batatu, na ule mukubwa anamaliza shule. Nilijua hii neno tangu ulikuwa na miaka kumi na tano.

Unakumbuka Amisi, ule shofere wa kamyo, muislamu wa Beni, mwenye alikuwa anatuletea mihogo kutoka njia ya Mambasa. Siku moja alinikuta hapa, akatosha kofia, akangoja bamama batoke. Akasema: "Mama Kavira, Mungu anisamehe, mais nimemuona baba Kavira na haya macho. Tulisalimiana. Eko na bibi na batoto kule. Aliniuliza kama mashine ingali inasaga."

Kama mashine ingali inasaga! Jina yako hakuitaja. Mutoto mwenye alikuwa analala juu ya kifua yake, hakuuliza kama umekua, kama unasoma, kama uko hai. Aliuliza mashine. Nikichunguza maisha yangu yote sioni neno yenye ilinichoma sawa ile.

Nilimuambia Amisi umefananisha. Akasema hapana, mama, tulishikana mukono. Nikamuambia: "Umefananisha! Na kama nasikia umesema hii neno kwa mutu mwingine, mihogo yako utaisaga na meno." Maskini Amisi. Alinyamaza mpaka leo. Ule ni mutu.

Utauliza juu ya nini nilikuficha. Usitafute sababu nzuri, hakuna. Mwanamuke mwenye bwana amemukimbia, banamucheka kwa robinet ya maji, kwa soko, ata kwa matanga. Mais mwanamuke mwenye kungoja, banamupa kiti ya mbele. Kila ndoa ya hii quartier baliniita: Mama Masika, uje umuambie bibi arusi neno moja juu ya uvumilivu. Nikasimama, nikasema, batu bakalia, tukakula nyama ya mbuzi. Nilikula mbuzi mingi sana juu ya ule mwanaume mwenye alikuwa anauza mapneu. Na bale batu bote benye kunipigia makofi, niko nabachukia pia. Hakuna ata mumoja mwenye alinivuta pembeni akaniambia Masika, imetosha, oga, vaa, endelea. Kungoja yangu ilikuwa inawapendeza. Bo balirudi kwao kulala na babwana yao.

Unamukumbuka Kambale fundi. Alikuwa anatengeneza hii mashine, na alikufundisha kupanda kinga, ile baiskeli yake, kwa ile barabara ya nyuma ya kanisa, ukaanguka ukavunja jino, akalia kukupita. Aliniomba mara tatu. Mara ya tatu alikuja bila bintu ya kazi, amevaa viatu ya ngozi, nikajua mbele aseme. Nilimujibu: "Mimi niko na bwana." Nilikuwa najua bwana eko wapi na analala na nani, na nilisema vile, uso mukavu. Kambale akaenda kuoa Lubero. Siku moja nilikutana na bibi yake sokoni. Amenenepa, anacheka na kila mutu. Nilirudi hapa nikagombana na muteja wa kwanza mwenye aliingia.

Na wewe, kila Noeli, nilikuambia uweke sahani ya papa yako kwa meza. Ulikuwa unaniuliza: "Mama, atarudi kweli?" Nilijibu: "Atarudi." Ulikuwa na miaka kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba, na nilikujibu vile nikijua. Hiyo hapana kosa ya bahati mbaya. Nilifanya na akili yangu yote.

Noeli ya mwaka jana uliweka sahani ya Kasereka. Neema akakataa kula. Alikaa pembeni ya ile sahani anafukuza nzi na kitambaa, anasema: "Nachunga ya papa." Nikatoka inje. Ulifikiri ni moshi. Nilitapika nyuma ya nyumba, Kavira. Mutoto wa miaka sita tumekwisha kumufundisha kazi yetu.

Na wewe pia sikuachi. Unafikiri utapona hii barua? Ulikuwa na mudomo. Ungenipigia kelele mbele ya Muzee Katembo. Ungesema mama, hii bwana ni yangu, hii matanga ni yangu, kaa. Ungepanda moto kesho yake uende Vuhovi uzike mugomba yako bila mimi. Kuliko vile, ulirudisha shati kwa sanduku, ukaingia jikoni, ukanipikia chai. Miaka mbili umenipikia chai! Kila asubuhi "mama umelalaje," na ile sauti yako ya pole, na mimi ndani ya moyo nasema nitukane basi, nitukane mara moja tu, tumalize. Heshima yenye unanipa imenichokesha. Kama ungekuwa na hasira kidogo sawa yangu, leo ungekuwa Beni tangu zamani.

Siku moja, tukichota maji, ulisema neno moja, na kisha haukusema tena: "Kama nazika, alafu anarudi?" Sikukujibu ile siku juu swali ilinifaa. Leo nakujibu.

Kwanza, usimuchanganye Kasereka na papa yako. Papa yako alipanda moto na miguu yake mwenyewe, asubuhi, ametia mafuta kwa nywele. Kasereka balimukamata. Alikuwa mutu muzuri, alinikatia kuni bila kuombwa, na bale benye balimukamata, padiri aseme kile anataka, mimi sijabasamehe na sioni siku nitabasamehe. Kama anarudi, nitapiga kelele ya furaha mpaka nianguke chini. Atakuta ulinyoa, nywele ikaota tena, mutoto anasoma, sufuria iko kwa moto. Mutu mwenye kukupenda hawezi kukasirika juu alikukuta unaishi. Mutakaa chini, mutaongea, mutalia, mutajua cha kufanya. Na kama anakasirika, aje anitafute mimi. Anajua fasi mashine iko.

Na kama harudi? Kavira, uniangalie muzuri. Uniangalie hii mikono, hii mudomo, hii hasira yenye naamka nayo kila siku nikitafuta mutu wa kuitupia. Unataka hii? Juu hii njo inapatikanaka pale mwisho ya kungoja. Batu hawakuambii. Banaita uvumilivu.

Sasa ile ruhusa yako. Muzee Katembo alikuletea, mimi nikaikamata kwa njia. Ukaniacha niikamate. Kama nakupa leo, kesho shangazi yako atasema haikukuwa ya mama yako kutoa. Kisha mukubwa wa familia atasema hakuulizwa. Kisha mama fulani ya kanisa. Utatembea mulango kwa mulango na ule mufuko mpaka Neema aolewe. Sikupi. Sikukatazi, mais sikupi. Ile kitu haiko kwangu, haikukuwa kwangu ata siku moja, na niliishika miaka mbili sawa mwizi.

Unataka kuzika mugomba? Zika. Muzee angali Vuhovi, angali na nguvu ya kukata. Dimanche yenye ilipita, kisha misa, nilipanda moto nikaenda kwake. Nilimuambia nilikosea. Hakuniambia si kitu, na alifanya vizuri, juu ilikuwa kitu. Alisema tu: "Yeye mwenyewe aseme siku." Donc ni wewe. Na kama hautaki kuzika, usizike. Kaa peke yako, olewa, fungua malewa, ikikufa fungua ingine. Sikuuliza kama kuna mwanaume kule Beni. Kama eko, eko yako, na hapana kuniandikia juu ya kuniomba.

Nitakuambia kile nilifanya leo, kisha nitawasha mashine, juu bamama banakaribia kuvunja mulango.

Uliponiuliza asubuhi, sikubaki hapa. Nilienda parking ya makamyo. Nilimukuta Amisi amekaa kwa kivuli ya kamyo yake, amezeeka, ndevu imekuwa nyeupe. Nikamuambia: "Nipe numero." Hakuuliza numero ya nani. Akafungua telefone, akanisomea, nikaandika kwa mukono. Nikapiga pale pale, nimesimama katikati ya mafuta na matope.

"Allô?"

Sauti ile ile. Nyuma yake radio inaimba, mutu anacheka. Nilikuwa nimepanga matusi ya miaka makumi mbili na moja, ya Kinande, ya Kiswahili, na yale ya Lingala yenye basoda banatukana nayo kwa barrière ya njia. Yote ilipotea.

"Allô? Ni nani?"

"Ni Masika."

Nikasikia amezima radio. Akasema pole pole: "Masika. Unataka nini?"

"Sitaki kitu. Nilikuwa bibi yako. Leo nakuacha."

Akaanza. Unajua, njia, vita, ile wakati, mimi nilitaka… Nikakata. Amisi akaniuliza kama naumwa. Nikamuambia nina njaa. Akaninunulia ndizi ya kuchoma, nikakula mbili nimesimama, na ilikuwa tamu, Kavira, ilikuwa tamu mpaka nikaona haya.

Niko na miaka makumi tano na ine. Sikumuomba mutu. Sikukuomba wewe, sikumuomba shangazi, sikumuomba padiri. Mungu mwenyewe sikumuomba, nitamuambia dimanche.

Kesho basi inatoka saa kumi na mbili. Nitakuwa pale, nitamubeba Neema mpaka kwa mulango. Usiniulize tena ile swali mbele ya batu, juu nitakujibu vibaya. Panda.

Masika, mama yako